Msimu wa Lango Lililofungwa

Julai 9

Perpetua amevuka tena barabara usiku wa kuamkia leo, mtoto akiwa mgongoni. Nimeuona mstari wake kwenye kompyuta asubuhi: ametoka kwenye kichaka cha ranchi, akapanda tuta la lami, akashuka upande wa pili penye vichuguu vingi, na kabla ya kupambazuka akarudi kwa njia ileile. Tangu mavuno ya miwa yaanze, malori hayapumziki hapo.

Kurasa hizi zitakuwa za Ivonete, msaidizi wangu, nikistaafu, kwa hiyo naeleza. Nikieleza kwa mdomo watu huondoka kabla sijafika katikati. Karatasi haina miguu. Perpetua ni tamandua. Tamandua wetu, mnyama huyu mkubwa mwenye mkia kama bendera, hula mchwa na sisimizi tu. Hana jino hata moja. Macho yake ni dhaifu na ulimwengu wake wote umo puani. Tunamvika mkanda wenye mtambo wa kufuatilia nyendo kifuani, kama mtoto na begi la shule, kwa sababu shingo yake ni nene kuliko kichwa na kola ingechopoka. Usiku hutembea ameinamisha kichwa, rangi yake ni ya lami, na dereva humwona akiwa ameshamfikia.

Chini ya barabara hiyohiyo lipo kalavati la kupitishia ng'ombe, pana kiasi cha kupita mtu na farasi wake. Perpetua alikuwa akipita humo. Mwaka jana likafungwa kwa lango la mbao na mnyororo. Ufunguo anao msimamizi wa ranchi, Mzee Ramão Ajala. Mwenye ranchi, Bwana Hélio, anaishi mjini Campo Grande, na ruhusa yangu ya kufanya kazi kwenye ardhi yake inakwisha mvua zikianza.

Basi ninachotaka msimu huu ni kimoja: lango lile lifunguliwe kabla lori halijamfikia Perpetua.

Julai 12

Nimekwenda kwa Mzee Ramão pamoja na Ivonete. Tumemkuta barazani, pembe ya terere, majani yanayonyweshwa maji baridi, mkononi, chupa ya maji ya barafu miguuni. Amenimiminia, nimekunywa, nimerudisha, amemmiminia Ivonete. Kisha nikaanza. Nimemweleza kuhusu pua ya tamandua na urefu wa mimba yake, kwamba huzaa mtoto mmoja tu na kumbeba miezi mingi, na kwamba jike mmoja akifa ni kama ukoo mzima umekatwa.

"Umemaliza, Daktari?"

"Bado kidogo."

"Endelea tu. Farasi wangu bado anapigiliwa viatu vya kwato."

Nilipomaliza akavuta terere mpaka mrija ukakoroma, akatazama barabara, akasema, "Lango halifunguki."

"Kwa nini, mzee? Ni nuksi? Unaogopa kwamba tamandua huleta nuksi?"

"Nuksi ipo," akasema. "Lakini lango halifunguki."

Njiani kurudi Ivonete alikuwa akicheka peke yake. "Mama, ulianzia zama wanyama walipokuwa wanaumbwa. Yule mzee kidogo angezeeka upya."

Sikucheka. Mtu akiwa na sababu huisema. Huyu hana sababu, ana ufunguo.

Julai 13

Amevuka juu. Amerudi salama.

Julai 21

Leo tumemlaza Perpetua kubadilisha betri ya mtambo. Sindano ilimwingia pajani vizuri, naye akaketi polepole kama bibi anayetafuta kiti. Nilimpima joto: nyuzi thelathini na tatu. Kwetu sisi hicho ni kifo, kwake ni afya. Lazima ujue hilo, Ivonete, usije ukamfunika blanketi mnyama asiye na baridi. Mtoto hatukumbandua. Mstari mweusi wa ubavuni mwake unaungana na wa mama yake, na ukitazama kwa mbali unaona mnyama mmoja tu. Chui hudanganyika. Lori halitazami mistari.

Alipozinduka alisimama kwa miguu ya nyuma, akafungua mikono. Huku kwetu mtu mnafiki huambiwa ana kumbatio la tamandua, kwa sababu ya ishara hiyo. Mnyama ana hofu, anaonyesha kucha zake ili aachwe, na sisi tumemfanya mfano wa usaliti. Nimefanya kazi hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na neno hilo bado linanikera.

Julai 30

Moshi kutoka kaskazini. Macho yanawasha. Amevuka juu.

Agosti 6

Tumekula wali wa nyama kavu kwenye kibanda cha madereva, kituo cha mafuta. Nilimuuliza dereva mmoja, Valdecir, mtu wa kitambi na sauti ya upole, kama huwaona tamandua.

"Nawaona, mama. Heri nisingewaona. Akikukatia njia, safari imeharibika."

"Na unafanya nini?"

"Wenzangu wengine humkanyaga, ati nuksi iishie palepale."

"Na wewe?"

"Mimi napiga honi na kumwomba Mtakatifu Kristofa wa wasafiri. Honi kwanza."

Meza nzima ikacheka. Mmoja akamwambia, "Kwa breki zako, anza na mtakatifu." Nilianza kuwaeleza kwamba tamandua haleti kitu chochote isipokuwa kupunguza mchwa shambani. Walinisikiliza kwa adabu mpaka chakula kikaisha, wakalipa, wakaondoka kila mmoja na lori lake.

Alasiri niliipigia simu ofisi ya barabara kuhusu uzio wa kuzuia wanyama wasipande lami. Wanasema utafiti wa athari unasubiriwa. Niliuliza unasubiriwa kutoka kwa nani. Kumbe ni kutoka kwangu. Niliwapelekea mwaka juzi.

Agosti 14

Amevuka juu. Naanza kuchukia kompyuta asubuhi.

Agosti 19

Nimempata Bwana Hélio kwa simu baada ya kujaribu wiki nzima. Ni mtu mchangamfu, hakatai kitu.

"Daktari Dalva, mimi nawapenda sana hao wanyama. Binti yangu ana picha yao kwenye fulana."

"Basi mwambie Ramão afungue lango."

"Ah, mambo ya lango ni ya Ramão. Nikianza kumwingilia kwenye malango, kesho nitachunga ng'ombe mwenyewe."

Bwana ananirudisha kwa msimamizi, msimamizi kwa mnyororo. Nimemtuma Ivonete tena kwa mzee, maana yeye ni kijana na ana maneno machache. Amerudi na mkate wa chipa alioupika Bi Estela, mke wa mzee. Lango bado.

Agosti 27

Perpetua amekufa.

Asubuhi mstari wake ulipanda tuta la lami na haukushuka. Nilijua kabla sijavaa viatu. Tulimkuta kando ya barabara, hatua chache tu juu ya kalavati, juu kabisa ya lango lililofungwa. Fuvu limepasuka, kifo cha papo hapo. Nilimpima nilivyozoea kuwapima wote, urefu, uzito, maziwa. Maziwa yalikuwepo. Mtoto hakuwepo.

Tulimtafuta kwenye nyasi za pande zote mbili, tukiita kwa sauti ile ya kukoroma ambayo mama huitumia, watu wazima wawili wakikoroma vichakani huku malori yakitupigia honi. Tai walikuwa wameanza kuzunguka. Nilimwambia Ivonete turudi kwenye kituo chetu cha utafiti kuchukua mbwa wa kunusa. Nilijua ni kazi bure.

Kituoni tulisikia vicheko kabla hatujaona kitu. Mzee Ramão alikuwa anakuja juu ya farasi, taratibu, amejifunika mabegani ngozi ya kondoo ya tandiko lake katika joto hili, na nyuma yake vijana wa ng'ombe wanne wakimfuata kama harusi. Mgongoni mwake, kucha zimezama ndani ya manyoya ya ngozi, pua imefichwa kwapani, alikuwepo mtoto wa Perpetua.

"Mzee kabeba nuksi ya mwaka mzima," mmoja akasema.

"Ya mwaka huu na ujao," akasema mwingine. "Mzee, usiku utamlaza upande gani, wako au wa Bi Estela?"

Mzee hakugeuka. Alishuka kwa shida, akanigeuzia mgongo. "Nilimkuta juu ya mama yake nilipopeleka ng'ombe majini. Nilimbandua akapiga kelele kama filimbi. Nikamweka juu ya tandiko, akaanguka. Anataka mgongo. Mchukue, Daktari, kabla hajazoea jasho langu."

Nilifungua kucha moja moja. Hana jeraha, amekaukiwa tu. Ivonete akachanganya maziwa. Mzee akaketi barazani kwetu, akatoa pembe na chupa yake, akamimina, akanipa. Nilikunywa kwa mkono mmoja, mtoto amening'inia kwenye mkono wa pili, na nilipomrudishia pembe nilimtazama usoni nikamwambia, "Asante, Mzee Ramão."

Alinitazama kidogo. Akamwaga majani chini, barafu ikiwa bado inagonga ndani ya chupa, akafunga kifuniko, akapanda farasi akaondoka. Ngozi ya kondoo ameiacha, mtoto amelala juu yake.

Lango sikulitaja. Nilifikiri hakuna haja tena ya kulitaja. Nilifikiri mtu aliyebeba kile alichokibeba asubuhi hii atalifungua mwenyewe jioni.

Agosti 28

Halijafunguliwa.

Septemba 5

Mtoto anakunywa vizuri. Ivonete amempa jina Chipa, kwa sababu hujikunja kama mkate ule wa Bi Estela. Analala mgongoni mwa Ivonete huyu anapoandika ripoti, na mtu akiingia ghafla wote wawili hukoroma.

Mzee Ramão ametukwepa. Jumatatu nilikwenda nikakuta farasi wake amefungwa na mlango umefungwa. Jana nilimwona kwa mbali kwenye zizi, nikapunga mkono, akainamia hatamu. Mkanda wa dume mmoja unaonyesha naye ameanza kuvuka juu, mahali palepale. Njaa haijali kaburi la mwenzio.

Leo nimemtuma Ivonete. Alirudi na jibu hili: "Anasema Daktari alishamaliza na yeye."

"Nimemaliza nini?"

"Hakusema. Alikuwa anamkama ng'ombe."

Kumbe mimi ndiye niliyemaliza. Mnyama amekufa juu ya lango lake, na anayenuniwa ni mimi.

Septemba 17

Joto. Moto umefika upande wa pili wa mto. Tamandua mmoja mchanga tumemtibu nyayo zilizoungua. Jioni nilimwandikia Bwana Hélio barua kali, nikaichana. Nimeandika nyingine ya adabu. Nayo nimeichana, ilikuwa ndefu.

Septemba 30

Hakuna mvua. Dume amevuka juu, amerudi.

Oktoba 4

Bi Estela amekuja kuchukua ngozi ya kondoo. Ndivyo alivyosema, ingawa alipomwona Chipa amelala juu yake aliiacha palepale mwenyewe. Nilimkaribisha kahawa. Aliketi akaizungusha ndani ya kikombe mpaka ikapoa.

"Daktari, wewe umezaliwa wapi?"

"Aquidauana, Bi Estela. Unajua."

"Basi wewe ni wa huku kama sisi. Ndiyo maana mume wangu haelewi. Angekuwa mgeni wa pwani angemsamehe."

"Anisamehe nini?"

"Alikuletea mtoto wa mnyama mgongoni, watu wanamcheka njia nzima. Akakumiminia. Nawe ukamrudishia pembe ukamwambia asante."

Nilitaka kusema kwamba nilikuwa namshukuru kwa mtoto.

Nieleze, ingawa wa huku hahitaji kuelezwa. Pembe ya terere huzunguka kimya. Unapokea, unakunywa, unarudisha, na anayemimina humimina tena kwa anayefuata, mpaka maji yaishe. Hakuna kushukuru. Ukisema asante unaporudisha, umesema: nimetosheka, mimi usinimiminie tena. Mtoto wa miaka mitano anajua. Wageni hukosea siku ya kwanza, hushukuru kwa heshima zao zote, kisha hukaa na kiu wakishangaa mbona pembe inawaruka. Sisi huwacheka.

Na mimi nilimwambia neno hilo baada ya pembe moja tu, mnyama wangu akiwa amelala juu ya lango lake, huku nikimkazia macho. Alisikia kile asikiacho mtu wa huku: sinywi tena na wewe.

"Mwambie sikuwa na maana hiyo," nikamwambia Bi Estela.

"Mimi simwambii. Nimeshachoka kupeleka na kuleta. Nenda ukanywe."

Oktoba 6

Nimekwenda, na Ivonete. Sikusema neno. Nilivuta kigoda nikaketi mahali ambapo pembe lazima ipite. Mzee alimimina akanywa yeye. Akamimina akampa Ivonete. Akamimina, akaishika pembe kwa muda, akanipa. Nikanywa, nikairudisha nimefunga mdomo kama mtu aliyeng'olewa jino.

Ikazunguka. Ikazunguka tena. Bi Estela alileta maji mengine ya barafu. Tumbo langu likawa ngoma.

"Leo huelezi?" mzee akauliza.

"Leo nakunywa."

"Mpaka lini?"

"Wewe ndiye mwenye chupa."

Alicheka kwa pua. Kisha, akitazama barabara, akasema kile ambacho sikuwahi kukisikia. Mwaka jana, katikati ya mvua, wezi wa ng'ombe waliingia na pikipiki kupitia kalavati. Shemeji yake, Nicanor, ndiye aliyekuwa zamu. Walimvunja nyonga kwa chuma, wakaondoka na mitamba. Nicanor sasa anatembea kwa fimbo na hapandi farasi tena. Siku iliyofuata mzee alifunga mnyororo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinieleza kwa nini lifunguliwe. Kwa nini lilifungwa hukuniuliza."

"Niliuliza. Nilikuuliza kama ni nuksi."

"Hilo ni swali?" akasema. "Hilo ni jibu, umelitia alama ya kuuliza."

"Ungenikatiza."

"Wewe?" akasema Ivonete. Nilimnyamazisha kwa jicho, lakini Bi Estela alikuwa ameshaanza kucheka ndani ya nyumba.

Niliuliza, basi. Pikipiki ina kimo gani? Ng'ombe akiinama anapita wapi? Mzee alinyanyua kiganja mpaka usawa wa mkanda wake. Nami nilishusha changu mpaka juu kidogo ya goti, pale unapofika mgongo wa tamandua na mtoto wake juu. Tuliviangalia viganja vyetu viwili hewani. Kati yavyo palitosha gogo.

"Na mwizi akiilaza pikipiki?" Ivonete akauliza.

"Mwizi anayelaza pikipiki chini ya gogo na kuiburuta," akasema mzee, "mbwa wangu watakuwa wameshamaliza suruali."

Oktoba 9

Tumeondoa lango. Mzee na vijana wake wamefunga magogo mawili ya mti mgumu, moja juu ya jingine, na chini wameacha nafasi. Vijana walitaka kujua kama nuksi nayo itapita chini ya gogo au lazima iinuliwe. Nicanor alikuja na fimbo yake, akaketi juu ya jiwe akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Aliingiza fimbo chini ya gogo la chini, akaizungusha, akasema panatosha.

Kazi ilianza baada ya chai, ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Sitaki kuifikiria sana hesabu hiyo. Magogo mawili na nusu siku ya jasho. Ndicho kilichompungukia Perpetua tangu Julai. Nilikuwa na hasira na mzee msimu mzima, na leo nimetafuta mahali pa kuipeleka sikupata. Nimerudi nayo nyumbani.

Oktoba 13

Kamera tuliyoifunga kalavatini imewapiga picha mbweha, kicheche, na mbwa wa Mzee Ramão, huyu mara nyingi. Dume amevuka juu.

"Wanyama wako nao ni wabishi," mzee ameniambia.

Oktoba 18

Dume juu tena. Bwana Hélio amejibu kwa ujumbe: ruhusa haitaongezwa, mwakani ardhi ya upande huu atapanda mikaratusi. Ameweka na picha ya binti yake amevaa fulana.

Chipa ameondoka leo na gari la kituo cha malezi. Itachukua zaidi ya mwaka kabla hajaachwa porini. Ngozi ya kondoo imekwenda naye. Kamera imeharibika kwa vumbi, na fedha za nyingine hazipo. Nimebaki na ile yangu ya mkononi.

Oktoba 22

Mvua. Imeanza alasiri kwa upepo, ikanyesha hadi giza. Ivonete alisimama uani akalowa makusudi. Nimeanza kufunga vitabu kwenye maboksi.

Oktoba 23

Asubuhi Mzee Ramão amenipigia simu mwenyewe. Hajawahi.

"Daktari, njoo kalavatini. Kuna mtoto wa mtu amepita hapa peku."

Nilijua alichokiona, lakini sikutaka kukitamka kwenye simu. Nilikwenda na kamera mfukoni. Maji ya mvua yalikuwa yameleta tope laini ndani ya kalavati na kulitandaza kutoka ukuta hadi ukuta. Katikati, kutoka upande wa ranchi, chini ya gogo, hadi upande wa vichuguu, zilipita nyayo. Ya nyuma ni kama mguu mdogo wa mtoto, kisigino na vidole. Ya mbele imepinda, kwa sababu tamandua hukunja kucha zake ndani ya kiganja na kutembea juu ya ngumi ili zisiwe butu. Upande wa chini wa gogo, kwenye gome, palibaki nywele ndefu za mkia.

Ivonete alikagua mitambo yote kwenye simu yake. Dume alilala mbali, upande wa mto. Wengine wote mbali. Huyu hakuwa na mkanda.

"Ni nani?" mzee akauliza.

"Simjui."

"Miaka yote hii na humjui?"

"Simjui kabisa, mzee. Sijawahi kumgusa."

Alilitafakari hilo. Nami nilianza kumweleza Ivonete jinsi ya kukadiria uzito kutokana na kina cha unyayo wa nyuma kwenye tope la namna hii, na kwa nini picha lazima ipigwe na rula kando yake, na nikageuka kutafuta rula kwenye begi. Niliposimama tena, Mzee Ramão alikuwa ameshika tawi la majani, anarudi kinyumenyume kuelekea nje, akifagia. Tope lilikuwa safi kama meza. Nyayo hazikuwepo.

"Mzee, sijapiga picha."

"Hukusema unataka picha. Ulikuwa unaeleza." Alifagia mahali alipokuwa amesimama yeye mwenyewe, akatoka, akaliegemeza tawi ukutani mahali pa kulichukua tena. "Nimekulainishia tope. Usiku wa leo watapita wengine."